Karani na Barua ya Wamara

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "nadhani", mgongo wangu unanyooka wenyewe. Ni kazi ya Karani wa posta wa Kasongo. Mbele yake neno hilo lilikuwa kama kikohozi katikati ya misa: ukilitoa, kila mtu anakugeukia. "Usiniambie unazani nini," alikuwa anasema, kalamu imesimama hewani. "Niambie unaona nini."

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Wakubwa walimwita Karani, Mzungu wake wa kazi alimwita "wewe", na sisi watoto tulimwita Baba Karani. Alikuwa Mubangubangu wa upande wa Kabambare. Kwa nini alikuja kukaa Kasongo sikupata kuuliza. Nilimkuta pale nikiwa msichana wa miaka minane, nasoma kwa Masista, na aliondoka nikiwa na kumi na mbili. Ni miaka minne tu. Kuna watu nimekaa nao ujirani miaka thelathini, na habari zao zingeniishia kabla chai haijapoa.

Alikuwa mwembamba, kaptula ya kaki imepigwa pasi hadi mkunjo wake ungeweza kukata muhogo. Alichomeka penseli sikio la kulia na nyingine sikio la kushoto, kisha akazunguka ofisi nzima akitafuta penseli. Alitufundisha kusoma nyayo za mbuzi, moshi, wino, harufu ya karatasi. Lakini karanga zake alizozificha kwenye kopo nyuma ya mizani ziliibiwa miaka minne na hakuwahi kumjua mwizi. Wezi tulikuwa sisi. Alimshuku paka, akamwandalia mtego, akanasa kidole chake mwenyewe.

Dirisha la posta lilifungwa saa kumi. Siku ya Jumatano, likishafungwa, Karani alitoka akakaa kwenye ngazi na sisi tukakaa chini yake, saba au wanane, na wa kwanza kufika kila wiki tulikuwa mimi na Zaina. Zaina alikuwa binti wa muuza nguo wa mtaa wa msikiti, na alisoma herufi za Kiarabu chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Baba yangu, mkulima na mkatekista, hakupenda nionekane mtaa wa msikiti. Mama yake Zaina hakupenda mtoto wake anywe maji ya kwetu. Ngazi za posta hazikuwa za mtu, kwa hiyo hapo tulikuwa marafiki.

Karani alikuja na karatasi za telegramu zilizoharibika, na nyuma yake ameandika hadithi kwa mwandiko mdogo ulionyooka kama mistari ya pamba shambani. Hadithi zote zilikuwa za watoto wawili, Kasindi na dada yake Mwamini, ambao walifumbua mambo yaliyowashinda wakubwa. Kengele ya misioni imepotea; mtumbwi wa Nyangwe umekutwa upande wa pili wa mto bila mtu; chifu amepata kamba yenye mafundo na hajui ni salamu au ni kitisho. Kasindi alikuwa mwepesi wa kumshika mtu shati. Mwamini alikuwa anatazama. Na pale Mwamini anapoinama kuokota kitu na kusema "Kumbe", Karani alikunja karatasi.

"Nani alichukua kengele?" tuliuliza.

"Mwamini anajua," alisema. "Yote Mwamini ameona, na ninyi mumeona. Mulete jibu Jumatano ingine."

Wiki nzima tuligombana njiani. Ile ya kengele aliifumbua Zaina. Alisema katika hadithi kamba ya kengele haikuelezwa kuwa imekatwa, ilielezwa kuwa ina nyuzinyuzi mwishoni kama mswaki. Kisu hakifanyi hivyo. Panya walitafuna, kengele ikaanguka kwenye majani marefu, na mgeni aliyekwisha kufungwa kwa wizi huo katika hadithi hakuwa na kosa lolote. Karani hakumsifu. Aliondoa penseli sikioni akampa. Tulijua kwamba hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Alitufundisha pia kuficha maneno. Fumbo la kwanza lilikuwa la kila herufi kuhamia kwa jirani yake, A kuwa B, B kuwa C, na Z kurudi mwanzo. Kwa hesabu hiyo Zaina akawa Abjob, jina alilolipenda hata mama yake akalidhania tusi akamchapa. Karani alipopata habari alikwenda mwenyewe kwa yule mama, akasimama nje ya ua na kofia mkononi, akaeleza fumbo zima kwa mtu asiyejua A. Mama alimwambia, "Karani, wewe ni mukubwa na akili yako ni ya mutoto." Alirudi amefurahi sana.

Nisimpambe kupita kiasi. Alikuwa na hasira za ghafla, na mtoto aliyejibu kwa kubahatisha alimfukuza ngazini, mradi arudi wiki ijayo. "Kubahatisha ni uvivu uliovaa viatu," alisema. Alinuna akishindwa bao. Na mbele ya Mzungu wa posta, ambaye sisi tulimwita Bwana Mkubwa, alikuwa mtu mwingine kabisa. Sauti yake ilipungua, magoti yalikaribiana, na kila alichoambiwa alijibu "Ndiyo, Bwana", hata kilichokuwa cha uongo. Mara moja Bwana Mkubwa alimlaumu mbele yetu kwa kosa alilolifanya Mzungu mwenyewe, la kupiga mhuri wa jana kwenye barua za leo. Karani aliinama akasema amesikia. Mimi niliona aibu kwa niaba yake, na Jumatano ile sikwenda.

Kitu alichokiheshimu kuliko Bwana Mkubwa kilikuwa barua. Katika ofisi palikuwa na rafu ya barua zisizo na mwenyewe, zile ambazo anwani yake haikueleweka. Zilikaa miezi sita, kisha zilifungwa kwenye mfuko na kurudishwa makao makuu, na huko, alituambia, zinachomwa. Karani alituletea ngazini zile za karibu kuondoka, tukazitazama nje tu. Kuzifungua, hata kuzimulika kwa taa, ilikuwa marufuku.

"Barua ni mugeni," alisema. "Mugeni analala kwako, haupekui mufuko yake. Unamuuliza tu anaenda wapi."

Hivyo tulifumbua kadhaa. "Bwana Fundi, nyuma ya mutoni" ilikuwa ya seremala wa Lusangi, kwa sababu bahasha ilinuka gundi ya mbao; kumbe aliyeiandika alikuwa mwanafunzi wake. Nyingine zilitushinda, zikaenda.

Sasa nisimulie ile ya Wamara.

Ilikuwa miaka ya vita vya Wazungu. Vijana wengi wa kwetu walichukuliwa uaskari, wakapelekwa nchi ambazo hata Masista walizitafuta kwenye ramani kwa kidole. Wengine habari zao zilirudi, wengine hazikurudi. Barua hii ilifika na mihuri ya kijeshi, imelowa mvua njiani na kukauka mara nyingi, na anwani yake ilikuwa ya herufi za Kiarabu. Karani hakuzijua herufi hizo. Aliipeleka kwa shehe mmoja mzee, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na mzee akamsomea: Mama Ruhura, Wamara, Kasongo.

Hakuna aliyemjua Mama Ruhura. Hakuna aliyejua Wamara. Karani aliuliza madereva, wachuuzi wa mafuta ya mawese, wavuvi wa Nyangwe waliokuja sokoni, askari wa gereza. Shehe alisema labda ni jina la kikabila la huko bara, yeye majina yote hayajui. Karibu miezi sita ilipita. Ndipo Karani alipoileta ngazini, siku ileile ya mfuko kufungwa.

"Hii ndiyo naomba munisaidie," alisema. Hakuwahi kuomba. Siku zote alitupa kazi.

Zaina aliishika akasoma vilevile alivyosoma shehe: Ruhura, Wamara. Wenzetu walianza kutaja vijiji vinavyofanana, Karani akawatazama mpaka wakanyamaza. Kwangu mimi yale yalikuwa mapambo tu, kama michoro ya kitambaa. Kwa sababu ya kukosa la kufanya nikamwambia Zaina, "Niandikie Kasongo, nione inavyokaa."

Aliandika mchangani kwa kijiti. Nikaitazama ya mchangani, nikaitazama ya kwenye bahasha. Mistari ilikuwa sawa. Lakini ya Zaina ilikuwa na vitone viwili juu, na ya bahasha ilikuwa tupu.

"Umeongeza hivi vya nini?" nilimuuliza.

"Sikuongeza. Lazima viwepo. Hii ni nukta ya *nuni*, na hii ya *ghaini*."

"Hapa haviko."

Zaina aliivuta bahasha mpaka puani. Alifuata mistari kwa ukucha. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja, kwamba yeye na shehe walisoma Kasongo kwa mazoea, kwa sababu kila mtu anajua Kasongo. Mvua ilikuwa imefuta vitu vyote vidogo na kuacha mistari minene tu. Katika anwani nzima hapakuwa na nukta hata moja.

"Na katika herufi," alisema, "*ra* na *za* ni mapacha. Wanatofautiana kwa nukta moja juu."

Hakumaliza. Karani alikuwa amekwisha kusimama.

"Zuhura," alisema. "Mama Zuhura. Wamaza."

Wamaza ni kijiji kilicho njiani kwenda kwao. Kila likizo alipita hapo kwa baiskeli, akanywa maji hapo. Alijipiga paji la uso kwa kiganja, akacheka, halafu kicheko kikakatika. Alikuwa amekumbuka kitu.

"Kuna Mama Zuhura kule," alisema. "Mwaka jana nilipita wanatayarisha matanga. Waliambiwa mutoto wake wa kiume alikufa vitani."

Tukatazama bahasha. Inaweza kuwa imeandikwa na huyo mtoto mwenyewe, yu hai. Inaweza pia kuwa imeandikwa na rafiki yake kueleza alivyokufa. Hakuna aliyejua, na kufungua haikuwezekana.

Karani aliingia ndani. Dirisha la ubavuni lilikuwa wazi, tukasikia yote. Alieleza kwamba mwenye barua amepatikana. Bwana Mkubwa alisema orodha imekwisha kutiwa saini, barua ile imo katika hesabu ya zile za kurudishwa, na orodha haibadilishwi kwa ajili ya michezo ya watoto. Irudishwe mfukoni. Karani akasema, "Ndiyo, Bwana." Akairudisha. Bwana Mkubwa akaufunga mfuko kwa muhuri wa risasi mbele yake, akavaa kofia, akaenda nyumbani kwake.

Nilimwona Karani kupitia dirishani akiwa amesimama mbele ya mfuko. Nilifikiri hana lingine zaidi ya yale magoti yaliyokaribiana. Zaina alinishika mkono tuondoke.

Ndipo akachukua mkasi. Akakata risasi, akatoa barua moja, akafunga mfuko upya. Halafu akafungua kitabu kikubwa cha ofisi, akaandika, na kwa kuwa alijua tunatazama, akasoma kwa sauti kama alivyosoma hadithi: "Barua moja nimeitoa mimi, naipeleka kwa mwenyewe, Wamaza." Akatia saini. Akatafuta penseli ya kuwekea alama ukurasa, nikamwambia, "Iko kwa sikio, Baba Karani."

Aliondoka jioni ileile juu ya baiskeli, barua imefungwa ndani ya kitambaa cha mpira kifuani. Alikaa siku tano. Aliporudi, kiti chake kilikuwa na mtu mwingine. Walimweka ghalani mwezi mzima akishona mifuko ya barua iliyopasuka, na sisi tulikatazwa kusogea. Kwa Masista nilipigwa kwa sababu ya kukaa ngazini na wanaume. Kwao Zaina walisema sasa ameshakuwa mkubwa, atoke kwa ruhusa.

Siku walipompeleka Kabambare, kwa kazi ndogo zaidi ya ile, alipanda juu ya lori la pamba pamoja na mizigo yake. Tulikuwa tumetoroka wote wawili. Lori lilikuwa linanguruma tayari, akainama upande wetu.

"Iko hai," alisema. "Muguu moja hakuna tena, lakini iko hai. Ameandika yeye mwenyewe."

Yule askari alirudi baada ya vita. Nilimwona sokoni Kasongo, kijana mrefu mwenye mkongojo, mama yake amemshika kiwiko kana kwamba mkongojo hautoshi. Hawakunijua, nami sikujitambulisha. Niliwafuata hadi mwisho wa soko, kisha nikarudi kununua chumvi niliyotumwa.

Mimi na Zaina tuliendelea kuandika habari za Kasindi na Mwamini kwenye madaftari, kila mtu kipande chake, mpaka yeye alipoolewa Nyangwe na mimi nikaingia shule ya ualimu. Nilipopata darasa langu huko Lusangi, nilisimulia wanafunzi hadithi ya kengele. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye tangu mwaka uanze hakuwahi kufungua mdomo, alinyoosha mkono akauliza kamba ilikuwaje mwishoni. Nilimpa penseli yangu.

Lakini nilibeba jambo moja miaka yote hiyo. Niliamini tulimharibia kazi. Kama nisingeuliza habari za vitone, angebaki karani, na pengine angezeeka na mkunjo wa kaptula yake.

Miaka ya mwisho ya Wabelgiji, watu wakiwa wameanza kutaja uhuru kwa sauti ya kawaida barabarani, nilitumwa Kabambare kuchukua vitabu vya shule. Niliuliza habari zake. Mwanamke aliyekuwa anaanika mpunga alinionyesha njia. "Saa hizi iko chuoni," alisema. "Pale kwa Mwalimu mwanamke, nyuma ya fundi cherehani."

Nilifikiri amekosea mtu. Karani alikuwa Mkristo wa kwenda misa. Lakini nilipochungulia uani nilimwona. Watoto kama kumi na tano walikaa juu ya mikeka, kila mmoja na ubao wake, na katikati yao mzee mwenye mvi, magoti yamemfika kidevuni, naye ana ubao. Mwalimu, mama mnene mwenye ufito wa kuonyeshea, alikuwa anamsikiliza mtoto mmoja mmoja.

Alinitambua kabla sijafika. Akasogea, nikakaa kwenye ukingo wa mkeka wake.

"Shikamoo, Baba Karani."

"Marahaba, mama. Umekuwa mwalimu. Chaki iko kwa kidole."

Nilimuuliza anafanya nini pale. Alinijibu kwa sauti ya chini, asije akamkera Mwalimu.

"Siku ile Wamaza nilifika asubuhi," alisema. "Mama Zuhura anatwanga. Nikampa barua. Akaniambia, soma. Mimi, mutu wa posta, kofia ya serikali kichwani, akaniambia soma, na sikuweza. Anayejua kusoma alikuwa ameenda shambani mbali. Tulimungoja toka asubuhi mpaka jua linapinduka. Yule mama hakulia, hakula. Aliweka barua juu ya mapaja, akawa ananiangalia usoni, ajue kama ninajua. Mimi nilikuwa sijui kitu." Alisogeza ubao magotini. "Nimefanya kazi ya barua miaka mingi. Sijapata kuona saa ndefu kama zile. Sasa nimeacha kazi, nina nafasi. Wazee wa mutaa huu wanapata barua za namna ile, na vijana wanaojua kuzisoma wote wamekimbilia migodi. Nikasema, nijifunze."

"Unajua?" nilimuuliza.

"Pole pole. Watoto wananicheka. Ni haki yao."

Nilikuwa nimetayarisha maneno yangu tangu Lusangi, na njiani juu ya lori niliyarudia. Nikayaanza. Nikamwambia kwamba miaka yote nimekuwa nikifikiri, kama siku ile sisi tungenyamaza, kama mimi nisingeuliza, basi yeye leo...

"Nyamaza kidogo, mama," alisema Karani, akishika ubao wake kwa mikono miwili. "Zamu yangu imefika."

Mwalimu alikuwa amemwelekezea ufito. Watoto walianza kubana midomo wasicheke. Yeye akasimama, akajinyoosha nguo, akasoma.